Kurasa Mia Nne na Sita

Kila Jumatatu, Duluth, ghorofa ya tatu,
theluji ikikwangua dirisha kama paka aliyefungiwa nje,
nafungua maombi.

Mmoja anataka risiti za chakula cha mchana cha meya.
Mmoja anataka barua pepe zote zenye neno "bata".
Zote. Tangu mwaka ule wa mafuriko.
Nimesoma bata elfu moja na mia mbili, sikucheka hata mara moja.
Mwongo mie: nilicheka kwa bata wa mia tisa,
yule aliyezuia gari la zimamoto.

Watu hudhani wakili wa kumbukumbu za umma hufungua milango.
Kaka yangu Lyle hudhani naifunga.
Mimi ni bawaba.

Namba ya bima ya mtu, sitiri.
Jina la mtoto, sitiri.
Anwani ya mwanamke aliyemkimbia mumewe, sitiri,
kisha rudia, kagua, inua ukurasa mbele ya taa,
maana wino unaovuja siri hauna radhi.
Kuna weusi ninaoupenda. Ule.

Ndipo likaja ombi la Verna Pekkala,
kalamu ya risasi, karatasi ya daftari:
"Nataka kujua vumbi walilipima lini.
Mume wangu Toivo alifagia kiwandani miaka kumi na tisa.
Sina haraka. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka."

Kurasa mia nne na sita.
Katika ukurasa wa mia tatu na moja, jedwali la vipimo,
safu ya kituo cha nne imezungushiwa duara,
na pembeni mkono wa mtu umeandika: tusubiri kwanza.
Juu yake muhuri: RASIMU.

Rasimu ina kinga kisheria.
Anayefikiri aachwe afikiri bila kuchunguliwa;
nimelitetea hilo mahakamani mara tano, nikashinda nne,
na bado naliamini.
Lakini karatasi ilikuwa ya manjano, imetobolewa na pini zenye kutu,
na muhuri uling'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Nikapanda kwa mkuu wangu, Royce Haldorsen.
Hakupaza sauti. Watu wa huku hawapazi sauti.
"Imeandikwa rasimu, Marlys."
"Nami nikijigonga muhuri wa askofu, nibatize?"
Akalitazama ziwa.
Ziwa lilikuwa limeganda, halikumsaidia.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Lakini hapa mfichaji alikuwa mmoja
na aliyefikiwa na kifo mwingine,
na methali haina ibara ya jambo hilo.

Nikaandika waraka: tarehe, pini, kutu.
Alitia sahihi siku ya kumi ya kazi,
saa kumi na dakika hamsini jioni,
bila neno, akachukua koti.

Verna alikuja mwenyewe, buti zikidondosha maji sakafuni,
akalipia nakala kwa sarafu alizozihesabu mara mbili.
Akasimama palepale akasoma.
Alipofika kwenye orodha ya vipimo vya mapafu
akakuta jina moja, la mumewe,
na chini yake mistari kumi na moja ya wino wangu.

"Hawa ni nani?"
"Siwezi kusema, mama."
Na kweli siwezi. Afya ya mtu ni yake,
na mimi ndiye niliyeupitisha wino, mmoja mmoja, kwa rula.

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.
Midomo yake ikasogea. Akashuka wa pili. Midomo ikasogea.
Mji mdogo. Kiwanda kimoja. Kanisa moja.
Nikainamisha macho kwenye stakabadhi,
nikaandika tarehe polepole kuliko tarehe yoyote maishani mwangu.

Sheria yangu humjibu aulizaye tu.

Jumatatu, juu ya mtu wa bata,
kulikuwa na bahasha tatu,
anwani zake kwa kalamu ya risasi.