Zoezi la Sita, Soroti

Nimeandika ubaoni maneno tisa ya Kiingereza,
yote ya kukunja uso:
la ndimu, la siki, la maziwa ya juzi,
la mtu aliyedhulumiwa shamba na nduguze,
hata la tunda lililochumwa kwa pupa.
Kamusi yangu, iliyoachia jalada Bombo,
inayajibu yote tisa kwa neno moja: chungu.
Kamusi mwongo.

Asekenye wa dawati la nyuma
akatoa ukwaju mfukoni mwa sweta,
ule mama yake anaosongea atapa.
"Mwalimu, huu si mchungu.
Mwarobaini ndio mchungu, unakausha mdomo.
Huu unaleta mate."

Darasa zima likameza mate, na hakuna aliyeonja.
Nikafuta chungu. Nikaandika ugwadu.
Opolot akaomba nirudie,
akalitafuna neno kama lina kokwa.

Tukaendelea. Ndizi changa ina ukakasi,
inaparuza ulimi kama msasa.
Siki ni kali. Maziwa yameganda.
Na maharage ya jana?
"Yamechacha!" wakapaza watoto wa bweni,
wanaoyajua maharage hayo kwa majina.

Hapo chaki ikanikatikia.
Maana nami niliwahi kuulizwa, mbele ya kadhi,
ndoa yako ilikufaje,
nikasema: kwa uchungu.
Haikuwa uchungu. Ilichacha,
kama sufuria iliyofunikwa usiku wa umeme kukatika:
hakuna aliyeimwaga, hakuna aliyeipasha,
asubuhi povu jembamba juu,
na sisi wawili tunanusa,
kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.

"Lakini mwalimu," Asekenye tena,
"bibi akitaka ajono
huufukia unga ardhini, wiki nzima,
uchache kwa makusudi."

Sikumpa alama. Sikujua niiweke safu gani.

Kengele ilipolia niliwageuzia swali:
Waingereza huiitaje ganzi,
ile inayokamata meno baada ya ukwaju,
ukashindwa kuuma hata ndizi mbivu?
Wakatazamana. Nami sikuwa na jibu.
Nikakusanya madaftari thelathini na nane
na ukwaju uliobaki, nikaumaliza
njiani, peke yangu, nikila na kokwa nikitema,
na walimu wenzangu waliponikaribisha chapati
nikaishika tu mkononi, ya moto,
nikisubiri meno yangu yarudi.