Kibanda cha Hale

Funguo ninazo mimi. Kufuli mbili:
moja ilikuja na mitambo, moja ya dukani Majani Mapana.
Nje ni mkonge, mkonge, halafu barabara.
Ndani, baridi ya kiyoyozi, taa za kijani,
na uzi mwembamba kuliko unywele wa kichanga
unaoingia na nusu ya Tanga.

Nusu ya Tanga hufika hapa imechoka.
Mwanga haulalamiki, hupungua tu.
Kioo, kiwe safi vipi, hula kidogo kila kilomita,
kama mkono wa mtunza ghala: hakuna auonaye,
ila gunia likifika limelegea.
Na mipigo iliyotoka Chumbageni imeachana vizuri
huanza kutanuka, kuegemeana,
mpaka hujui nani anamaliza, nani anaanza.

Iko mashine ya kukuza tu. Hiyo haichagui:
humpa nguvu msemaji, humpa na mpiga kelele,
wote wakatoka wamenenepa.
Na iko hii yangu, ninayoifuta vumbi kwa kipande cha kanga.
Hii husoma. Husimama katikati ya kila mpigo
ikajiuliza: upo, au haupo?
Ikishaamua, huutupa ule uliochakaa,
ikawasha mpya, mkali, kwa saa yake yenyewe,
kama ndiyo kwanza unatoka mjini.

Mhandisi Shemdoe alinifundisha hayo mwaka wa kwanza,
akaongeza, huku akimenya chungwa la Muheza:
"Ikiamua vibaya, binti, kosa nalo litatoka linang'aa."
Nilicheka.

Mwezi wa saba mama alilazwa Bombo.
Usiku wa tatu homa ikashuka, akapata usingizi.
Dada Mwanasiti, sauti imemkauka kwa kukesha,
akampigia mjomba Mbelwa, Muheza:
"Mama amepumzika."
Kisha simu yake ikaisha chaji.

Mjomba alisikia neno moja na nusu.
Akasimama katikati yake, akaamua.
Simu aliyopiga Korogwe haikutetemeka hata kidogo:
"Mama hatunaye."
Korogwe ikaiambia Mombo, Mombo ikapandisha Soni,
kila mmoja kwa sauti safi, hakuna aliyekwaruza.
Mimi nilifunga kibanda nalia.

Kesho yake alasiri, nyumbani Korogwe,
turubai limefungwa, Soni wamekuja na gari la kukodi,
masufuria ya majirani yameandikwa majina kwa rangi,
na mama anashuka kwenye bajaji, mfuko wa dawa mkononi:
"Nani kafa?"

Hakuna aliyejibu. Mjomba alivua kofia, akaichungulia ndani
kana kwamba jibu limeangukia humo.
Mama akaketi mkekani, akala wali wa matanga yake,
akasifu nazi, akasema chumvi imezidi.

Tulicheka mwaka mzima na miezi saba.

Februari, saa tisa usiku, Mwanasiti akapiga tena.
Maneno yale yale mawili.
Nilikuwa humu, ngazi begani, taa moja imegeuka nyekundu.
Nikamwambia, rudia.
Akarudia.
Nikamwambia, dada, rudia.
Nyuma yangu mashine ilikuwa inaamua,
mabilioni kwa sekunde, upo, haupo, upo,
bila kumwomba mtu arudie.