Daftari la Hogo

Walimfunga hogo Sechelela, mguu wa kushoto,
kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti,
mwezi wa tano, mizabibu ya Hombolo imekatwa matawi,
imebaki vigongo vimenyoosha mikono kama vinaomba mkopo.

Hogo lisilomenywa, hogo lisilochemshwa.
Mwalimu mkuu akatuma salamu kwa mdomo wa bodaboda:
"Apumzike. Darasa la kwanza litamkuta mwakani."
Mwakani!
Mtoto wa miaka saba umwambie mwakani
ni kuiahidi kiu ya Julai mvua ya Desemba.

Mimi nalinda ghala la zabibu usiku.
Asubuhi narudi na tochi, na rungu, na usingizi,
nalala nusu jicho,
halafu gongo lake sakafuni: ko, ko, ko.
"Baba, shule imefunguliwa."

Shule ni kivuli cha tembe, upande wa machweo.
Ada hakuna. Sare ni kanga ya mama yake.
Vifuniko vya soda nimevizoa kwa Mama Ndalu, bure,
mia na vinne, na kimoja kilichong'atwa.
Mbegu za ubuyu tulizokwisha kuzimung'unya
(nyekundu bado, ulimi unazikumbuka)
ndizo makumi. Vifuniko ndivyo mamoja.
Kalenda ya ushirika ya mwaka juzi tukaikata tarehe,
Julai ikawa karata, Agosti ikawa pesa,
tukafungua duka: chumvi ya mchanga, mafuta ya maji.
Nilipunjwa chenji mara mbili kabla sijagundua
kuwa napunjwa makusudi.
Alikuwa ananipima.

Herufi nilimpa za kuokota.
A ni miti miwili ya kuegesha mzabibu, imeegemeana.
S ni njia ya nyoka, alipita alfajiri, upepo haujaifuta.
T ni nguzo ya umeme. Nguzo ipo.
K ilinishinda. Akaisoma mwenyewe:
"Mtu kaegemea ukuta, mguu mmoja kaunyoosha.
K ni mimi."

Siku moja, kwenye mdako, kishimo kikabaki kitupu.
"Vimebaki vingapi?"
"Sifuri," nikasema.
"Sifuri ndiyo nini?"
Nikajitia ualimu: "Sifuri ni shimo."
Alinitazama kama muuza duka aliyepewa noti iliyochanika.
"Shimo si lipo, baba?
Sifuri ni vile vijiwe ambavyo havipo."
Mimi nimeishia la saba. Nikanyamaza kwa heshima.

Mifuko ya sementi nayo ina mwisho.
Karatasi ya mwisho ilipojaa
akautazama mguu wake mweupe,
akalitazama jiko,
akautazama tena mguu.
Mama yake akapiga ukelele: hospitali watasemaje!
Mimi nilikuwa nachonga mkaa uwe na ncha.
Kufika Juni goti zima ni a e i o u,
kisigino kimebeba 7 + 5,
na ubavuni, herufi zinapanda na kushuka kama mbuzi mawemawe:
BABA AMELALA.

Msumeno ulipolia, tabibu alisimama katikati,
akainamisha kichwa, akasoma.
Akazunguka upande wa pili, akasoma.
"Saba na tano umeandika kumi na moja."
"Hiyo ya zamani," akajibiwa,
"angalia chini ya unyayo, nilisahihisha."

Akalia, lakini si kwa ajili ya mguu,
ingawa mguu ulitoka mwembamba, wa kijivu, mgeni.
Alililia daftari.
Wakatufungia vipande viwili kwenye gazeti,
tukarudi navyo, watatu juu ya pikipiki moja.

Sasa anatembea kilomita zake,
ana daftari la dukani lenye mistari iliyonyooka.
Hogo limetundikwa msumarini, nyuma ya mlango.
Jioni akina Chedego wa jirani huja kulisoma,
na mdogo wao wa mwisho, ambaye hata A haijui,
anaweka kidole kwenye goti lile,
anauliza: na yeye akianguka, je, atapewa?

"Usianguke," namwambia.
"Chukua mkaa. Ukuta upo."