Sifuri Nne

Isevya, saa nne usiku, umeme umerudi.
Nimetengeneza daftari la asali la ghala la ushirika
(ndoo, kilo, jina la mrina, siku ya kurina)
na kwenye kioo changu linafunguka kama kiganja.

Mhoja yuko sebuleni na simu yake.
Hatua sita, ukuta mmoja wa tofali la kuchoma.
"Haifunguki."
"Jaribu tena."
"Nimejaribu. Imekataa."
"Andika taratibu, nukta usiziruke."
"Nyamizi. Imekataa."

Naitukana kampuni ya intaneti, naitukana ruta,
nauzima ukuta wa moto, nauwasha.
Kumbe kosa liko humu humu, ndani ya kihariri,
kwenye dirisha la mipangilio nisilolifungua tangu Machi,
mstari wa tatu, juu ya namba ya lango:
mia ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja.
Anwani ya mtu anayejipigia hodi mwenyewe,
akajikaribisha, akajimiminia chai,
asimsikie anayegonga nje.
Wiki tatu seva imeniitikia mimi tu
nikadhani inaitikia watu.

Nafuta. Naandika sifuri, nukta,
sifuri, nukta, sifuri, nukta,
kidole kinasita.
Shuleni Cheyo, sifuri moja tu ya hesabu
ilinirudisha nyumbani kwa njia ya reli
nisikutane na mtu.
Hapa zikiwa nne kwa mpigo maana yake ni
sikiliza kila upande, yeyote agongaye.

Yeyote. Hata yule kijana wa kibanda cha kuchaji simu
aliyeijua nywila yetu kabla ya mama mwenye nyumba.
Basi iwe usiku huu tu. Kesho nitafunga.

Sifuri.

Nahifadhi. Naizima seva, naiwasha;
mabadiliko haya hayashiki mpaka ife kwanza.
Maandishi yanapanda kwenye kidirisha cheusi,
yanasimama.

Halafu mstari ambao sikuuita mimi:
ombi, kutoka anwani isiyo yangu,
saa nne na dakika arobaini na moja.

Sebuleni kimya. Kiti kinalia, kinanyamaza.

"Urambo umeandika Urambu," anasema Mhoja.
"Na baba yangu hajawahi kurina ndoo sifuri."