Sauti Nyuma ya Harusi

Tumeketi saba, ghorofa ya pili, Mlimani,
kiyoyozi kinakohoa, chai imepoa ikaota utando,
na mezani yupo chura ambaye hayupo.
Yupo kwa fomu.
Urefu: ukucha wa kidole gumba.
Makazi: majani yaliyooza, msitu wa Pugu, upande wa kivuli.
Jina kwa Kiswahili: kistari.

Dakta Rweyongeza anasoma kanuni kama msoma wosia:
miaka kumi, au vizazi vitatu,
muda ulio mrefu ndio tuushike.
"Kizazi cha huyu ni miaka mingapi?"
Nani amjuaye babu wa chura?
Tukaandika miwili, kwa penseli.

Kisha kompyuta ikatandaza ramani.
Msitu wa leo: kijani, upana wa kiganja.
Wa mwaka elfu mbili na hamsini: doa la chai.
Wa sabini, na hapo kijana Mwinshehe akabonyeza tena,
akidhani mashine imekwama.
Haikukwama.

Joto likizidi, kiumbe hupanda kuufuata ubaridi.
Wenzake wa Uluguru bado wana ngazi.
Pugu si mlima, ni kilima;
ukipanda kidogo tu umefika,
na juu ya kufika pana anga.

Vuli ndiyo iliyokuwa saa yake.
Tone la kwanza la Oktoba, naye huita: tik, tik,
kama karani anayejaribu kalamu.
Siku hizi vuli ina tabia za mdeni,
leo njoo kesho, kesho njoo mtondo,
halafu usiku mmoja inalipa yote kwa hasira:
Jangwani maji yamefika madirishani,
na mayai ya chura, kama yalikuwapo,
yameteremka na Msimbazi pamoja na ndala na magodoro.

"Mara ya mwisho alionekana lini?"
Mwinshehe akakuna sikio.
Nikasema kabla sijafikiri: nina harusi.

Harusi ya dada yangu Sikudhani, Pugu Kajiungeni,
vuli ya mwaka elfu mbili na saba.
Mkanda wa video nilishauhamishia kwenye simu.
Umeme unakatika, kinanda kinazimika,
kina mama wanasita na vigelegele mdomoni,
na katika mwanya ule, sekunde tisa,
nyuma ya mtoto anayelia na bibi harusi anayecheka:
tik.
Tik, tik.

Tukairudia mara kumi na nne.
Dakta akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.
Wao walikuwa wanamsikiliza chura.
Mimi nilikuwa nasikiliza kile kicheko,
ambacho nacho hakina kingine cha kufanana nacho
tangu tulipomzika, vuli ya tatu baada ya ile.
Sikuwaambia.

Kwenye fomu tukaandika: ushahidi wa sauti,
mmoja, haujathibitishwa.
Ngazi ya hatari: takwimu hazitoshi.
Wakafunga mabegi.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Na msemaji mwenyewe akinyamaza?
Nimeipekua fomu kurasa zote,
hakuna kisanduku chake.

Basi nikarudi kwenye safu ya jina,
nikakifuta kile kistari,
nikaandika, herufi ndogo, kwa penseli:
sikudhani.