Sababu: Barafu

Mlango wa gereji hautoki relini wenyewe.
Hili alinifundisha baba, Toivo Kivelä,
fundi wa Thunder Bay tangu baridi ile
watu walipowavika mbwa wao viatu.
Mlango una uzito wa kinanda, alisema,
na springi iliyojisokota juu yake
imeweka hasira za miaka kumi.
Usiiguse kama hukuzaliwa na mikono ya akiba.

Jumanne, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nikaitwa kwa Orville Pelletier.
Mlango umekwenda upogo,
pembe moja chini kama bega la mtu aliyebeba ndoo,
roda mbili nje ya njia yake,
kebo imelegea, inaning'inia.
"Umetoka wenyewe," akasema. "Usiku. Tulisikia kishindo."
Alisimama kati yangu na gari.

Sikujibu. Nilichomoa mota kwenye umeme kwanza,
maana wapo wanaobonyeza kitufe tena na tena
kana kwamba mlango una masikio mazito.
Ni kumwinua aliyeteguka mguu umpeleke ngomani.
Kamba nyekundu sikuivuta:
mlango uliokwama juu, ukiuachanisha na mota,
huja chini na hauchagui kichwa.
Nikabana reli kwa koleo chini ya roda zilizobaki,
nikasimamisha boriti ya msonobari ubavuni,
ndipo nikawasha tochi.

Boliti? Moja imelegea, kawaida.
Roda? Zimelika kidogo, kama meno ya mtafuna gundi.
Barafu ilikuwepo, kweli,
ukanda mwembamba kizingitini, umeushika mpira wa mlango.
Barafu huweza. Nimeiona ikifanya.
Ila reli ilikuwa imebonyea
kimo cha bampa,
na ndani ya bonyeo, rangi ya kijani,
kijani kile kile
alichokuwa akikikinga kwa mgongo wake.

Na Orville ni mrefu, huinama akipita mlangoni.
Kiti cha dereva kilisogezwa mbele
mpaka karibu kibusu usukani,
juu yake mto wa kufuma,
kioo kimeinamishwa kwa mtu mfupi.

Dirishani jikoni, mkewe Lempi
alitazama upande wetu, akatabasamu,
akaipungia mkono ngazi yangu.

Nikarudi kazini.
Springi nikazilegeza kwa vyuma vyake, zamu kwa zamu,
huku Orville nimemfukuza nje ya gereji.
Nikafungua boliti za reli, nikainyoosha
kwa nyundo na kipande cha mbao katikati,
ili chuma kisijue kinapigwa.
Nikaupanua mdomo wa reli,
nikaingiza roda ya kwanza, nikaingiza ya pili,
kama unavyomrudishia mtoto mikono kwenye koti.
Nikaufunga mdomo. Kebo nikaizungusha kwenye pipa lake,
springi nikazikaza upya.
Roda nikazitia mafuta; reli nikaifuta tu.
Reli haitaki grisi, grisi hukaribisha mchanga.

Nikauinua mlango kwa mkono hadi kiunoni,
nikauachia.
Ukabaki pale pale, hewani,
haupandi, haushuki.
Mlango uliopona hujulikana hivyo.

"Utaandika nini, binti Toivo?"
Risiti ina mstari mmoja: *Sababu*.
Wino ulikuwa umeganda, nikaipulizia kalamu,
nikaipulizia tena, nikiwaza.
Baba aliniambia mlango hausemi uongo.
Fundi je? Hilo hakulifikia.

Nikaandika: *barafu*.

Akasoma. Akakunja karatasi mara nne,
kwa utaratibu wa mtu anayekunja suti.
"Barafu hiyo," nikamwambia, "isiendeshe tena."

Akatia mkono mfukoni.
Nilisikia funguo zikigongana,
kisha zikanyamaza.

Nikaikunja ngazi, nikaibeba begani.
Dirishani, Lempi
aliiaga.