Dirisha la Tatu

Juu ya kioo changu pameandikwa BURE,
herufi nyekundu, kubwa kuliko jina la wizara,
na bado mtu huinama kwenye kitundu aninong'oneze:
"Madamu, ni ngapi?"

Leo wa kwanza ni Musembi Kitonga,
miaka hamsini na miwili, ametoka Mukuru kwa miguu,
vumbi la Barabara ya Enterprise limemfika magotini.
Kitambulisho anakipitisha kikiwa kimenona:
ndani yake noti ya mia mbili, imekunjwa mara nne
kama dawa ya mtoto.
Naitoa. Namrudishia.
Ananitazama kama mtu aliyenyimwa salamu.

Naelewa. Jiji hili limemfundisha bei:
bei ya bawabu, ili lango likumbuke kufunguka,
bei ya nyapara, ya kuingizwa kwenye daftari la vibarua,
na ile elfu arobaini aliyomhesabia wakala
chumba cha juu, River Road, ngazi zenye giza,
kazi ya Ghuba, viza wiki ijayo.
Wiki ijayo ilipofika mlango una kufuli jipya
na muuza viatu wa chini hajawahi kuona mtu.
Cha bure, baada ya hayo, kina harufu.

Swali la nane kwenye fomu: Ujuzi.
"Andika kazi yoyote," anasema.
Kazi yoyote haina safu yake hapa, mzee wangu.
Mikono hiyo ilikuwa ikifanya nini
kabla ya kujifunza kuomba?
Kimya. Kisha: "Boila."
Miaka kumi na tisa aliwasha boila ya kiwanda cha blanketi,
akijua kwa sikio tu mvuke unapozidi,
valvu ikilia kama paka aliyebanwa na mlango.
Kiwanda kilifungwa. Sikio likabaki wazi.
Naandika: Fundi mwendesha boila.
Anayasoma maneno hayo juu chini kupitia kioo,
midomo ikimchezacheza,
kisha anaondoka bila kuaga,
kabla sijabadili nia nikadai.

Saa tano na robo anaingia Bi. Darmi Dadacha,
mwenye karakana ya kufua mashuka ya mahoteli kule Lunga Lunga,
viganja vimechujuka kwa sabuni,
naye pia pochi iko mkononi, tayari imefunguliwa:
"Nimechoka na binamu za watu.
Nataka mtu anayeijua boila kabla haijatulipukia. Ni ngapi?"
Namwonyesha herufi nyekundu.
Anacheka. "Hizo nimeziona. Nauliza ukweli."

Navuta droo. Kadi ya Musembi iko juu kabisa,
wino wake bado unang'aa kwenye herufi ya mwisho.
Miezi saba nimekalia kiti hiki,
droo ya kushoto wanaoomba, droo ya kulia wanaotaka,
na katikati magoti yangu tu.
Nabonyeza namba. Nakosea. Naanza tena.

Inaita, inaita.
Inapokewa na msichana, nyuma yake ndoo zinagongana mferejini.
"Baba hayupo. Simu ameiacha ichajiwe.
Amekwenda kutafuta kazi."

Bi. Darmi anatazama saa ya ukutani,
ile ambayo haijapata betri tangu Pasaka.
"Mwambie dirisha la tatu," nasema.
"Mwambie saa tisa nitakuwa hapa, saa kumi nitakuwa hapa.
Mwambie safari hii kazi ndiyo inayomtafuta yeye."

Anarudia neno kwa neno; naisikia penseli ikikwaruza.
Kisha penseli inasimama,
na kwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha kuona mengi,
huyu ambaye bado anaita shule "shuleni kwetu,"
ananiuliza:
"Na aje na pesa ngapi?"